Nchi ya Glavu Nyeupe

Namna nilivyofika Barangwe haimsaidii mtu kitu, kwa hiyo sitaieleza. Itoshe kujua kwamba nilitumwa. Mkuu wa chuo chetu cha mafunzo ya usafiri wa anga alikuwa amesikia kwamba kuna nchi inayonunua ndege kama watu wengine wanavyonunua baiskeli, na kwamba kila ndege mpya ikitua inakuta mafundi na marubani waliohitimu wanaingoja. Sisi kwetu tunahangaika. Ndege zinaongezeka, mafundi hawatoshi, wanafunzi wanasubiri vifaa, na vifaa vinasubiri sahihi ya mtu aliyekwenda semina. Mkuu akaniita, akaniambia niende nikaone wenzetu wanafanyaje, nikirudi nimwandikie taarifa fupi. Alisisitiza fupi. Jina la nchi hiyo nimelibadilisha, na majina ya watu pia, kwa sababu ambayo msomaji ataielewa akifika mwisho.

Kitu cha kwanza nilichokiona uwanjani ni glavu. Watu walikuwa wengi kupita kiasi, na karibu wote walivaa glavu nyeupe za pamba zilizofika viwikoni, safi, zimepigwa pasi. Kila mmoja alishika kifimbo chembamba cha kuonyeshea. Walisimama makundi makundi wakielekeza vifimbo huku na kule, na katikati ya kila kundi palikuwa na mtu mmoja au wawili wasio na glavu, jasho linawatiririka, wanasukuma ngazi, wanabeba mizigo, wanaburuta bomba la mafuta. Nikadhani wale wenye glavu ni wageni waalikwa. Kumbe ndio wataalamu.

Nilipokewa na mwanamke wa makamo aitwaye Bi Kidawa, aliyepewa kazi ya kunizungusha. Zamani alikuwa mwongoza ndege, yule anayekaa mnarani na kuwaambia marubani nani ashuke na nani angoje, na watu walisema alikuwa na sauti ya kumtuliza hata rubani aliyeingia kwenye radi. Sasa alikuwa na glavu. Mtu akishavikwa glavu, alinieleza, hagusi kazi tena. Mkono uliojua ni mkono wa heshima, na mkono wa heshima haupakwi oili, haushiki usukani, haubonyezi hata kitufe cha redio. Nikamuuliza, basi kazi inafanywa na nani? Akanitazama kwa huruma. Inafanywa na wanagenzi, alisema, yaani wale wanaojifunza. Wakishajua, nao wanavikwa.

Nililigeuza jambo hilo kichwani, na kila nilivyoligeuza lilirudi vile vile. Nikamwambia maana yake ni kwamba katika nchi hii kila kazi inafanywa na mtu asiyeijua. Hakukasirika. Alisema wageni wote husema hivyo mwanzoni, na husema hivyo kwa sababu kwao hawawaheshimu mafundi. Hapo alinipata. Kwetu fundi wa ndege anaweza kuokoa abiria wa ndege nzima asubuhi, na mchana akazuiwa getini kwa sababu ovaroli yake ni chafu. Tukaendelea.

Akanipeleka kwenye ndege iliyokuwa inajiandaa kuondoka. Mbele walikaa wanagenzi wawili wakihangaika na vitufe. Nyuma yao, kwenye viti vya kifalme vyenye mito, walikaa marubani wanne wenye glavu, mikono imekunjwa. Hao walikuwa marubani kwelikweli, waliovuka milima na dhoruba, na sheria iliwaruhusu kufanya jambo moja tu, nalo ni kukohoa. Mwanagenzi akikosea, wanakohoa. Akikosea sana, wanakohoa sana. Nikauliza kama mwanagenzi anajua kikohozi kipi kina maana gani. Bi Kidawa alisema hilo linafundishwa mwishoni.

Kesho yake tulikwenda chuoni kwao. Darasa lilikuwa ukumbi mkubwa wenye mapazia, na jukwaani palikuwa na injini halisi ndani ya sanduku la kioo. Mkufunzi hakuweza kuigusa kwa kuwa alikuwa na glavu, na wanagenzi hawakuruhusiwa kuisogelea kwa kuwa hawakuwa nazo. Somo lilikuwa kukaza nati. Mkufunzi akasimama akilikabili darasa, akainua mkono mtupu, akazungusha hewa. Wanagenzi wote wakainua mikono yao, wakazungusha hewa, pamoja, utadhani gwaride. Mkufunzi akasema kaza, wakakaza. Akasema bado kidogo, wakakunja nyuso kuonyesha kwamba sasa nati imekuwa ngumu. Mtu mzima mmoja mwenye ndevu, jina lake Shomvi, ambaye mpaka juzi juzi alikuwa anauza mikeka, alikunja uso vizuri mno mpaka akapigiwa makofi.

Mimi nimefundisha kukaza nati karibu maisha yangu yote, na kuna kitu kilinikera tangu mwanzo nisijue ni nini. Nikajipenyeza hadi nyuma ya darasa, nikainua mkono, nikafuata wanavyofanya. Ndipo nikaona. Mkufunzi alikuwa anazungusha kulia, kama nati zinavyokazwa dunia nzima. Wanagenzi walikuwa wanamwona kwa mbele, kama mtu anavyojiona kwenye kioo, kwa hiyo wao walizungusha kushoto. Loo! Darasa zima lilikuwa linafungua nati, na mkufunzi anawaambia kaza.

Nilimvuta Bi Kidawa pembeni nikamweleza. Akasema jambo hilo linajulikana, lilikwisha kufika Barazani. Mjumbe mmoja alipendekeza mkufunzi awape mgongo wanafunzi ili mikono ielekee upande mmoja, lakini ikaonekana kuwapa watu mgongo ni utovu wa adabu. Mwingine akapendekeza wanafunzi ndio wampe mgongo mkufunzi, na huyo nusura atolewe nje. Limebaki kwenye kamati. Na isitoshe, aliongeza, halina madhara. Mwanagenzi akifika bandani kwenye ndege yenyewe, anageuza nati kama alivyofundishwa, nati inamdondokea mguuni, anajua mwenyewe kwamba upande ni ule mwingine. Baada ya misimu kadhaa anakuwa fundi mzuri sana.

"Halafu mnamvika glavu," nikasema.

"Halafu tunamvika glavu," akasema, na nilihisi kwamba hakuifurahia sauti yangu.

Mchana tuliingia Barazani, kwa bahati siku hiyo wakijadili mafunzo. Waziri wa Anga, Bwana Shekuwe, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alisema ndege nyingine nyingi zimeagizwa na nchi jirani zinatazama. Nchi inapimwa kwa wingi wa glavu. Haiwezekani ndege ziongezeke na glavu zibaki pale pale. Kwa hiyo muda wa kujifunza upunguzwe. Zamani ulikuwa miaka, kisha ukawa msimu, na sasa alipendekeza mtu ahesabiwe amehitimu pindi glavu zake zitakapokuwa zimeshonwa. Wakashangilia. Mjumbe mmoja, mwanamke mwembamba aitwaye Bi Rukuni, alisimama akauliza: watu wakivikwa kabla nati haijawadondokea mguuni, nani atakuwa amebaki bandani anayejua upande wa kukazia? Waziri alimshukuru kwa swali zuri, akasema ni swali zuri sana, akaita swali linalofuata. Azimio likapita. Kwa kuwa kasi ya kuhitimu sasa ilitegemea kasi ya kushona, wakaamua pia kuajiri mafundi cherehani wengi zaidi. Nilimuuliza Bi Kidawa kama na hao mafundi cherehani wakiwa hodari wanavikwa. Alishangaa. Wale ni watu wa kawaida tu, alisema, wanafanya kazi.

Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza Mzee Makungu, Mkufunzi Mkuu wa nchi nzima. Alikaa kiti cha pembeni, mrefu, mabega yameinama, glavu zake zimepambwa uzi wa dhahabu. Alikuwa fundi wa injini aliyejulikana kote, na baada ya kuvikwa alikuwa ndiye aliyewavika karibu wataalamu wote niliokuwa nimewaona na vifimbo, Bi Kidawa akiwemo. Azimio liliposomwa alikuwa anatazama mbele tu. Lakini mikono yake ilikuwa nyuma ya kiti, na mimi nilikaa nyuma yake. Ndani ya zile glavu vidole vilikuwa vinazunguka polepole, kulia, vinakaza kitu ambacho hakikuwepo.

Alinialika nyumbani kwake. Nyumbani glavu huvuliwa, mtu anakula na kuoga kama binadamu wengine, na mikono yake ilikuwa na makovu ya zamani na kucha ambazo weusi wake haukuwahi kutoka. Tulikaribishwa na binti yake, Mwantumu, rubani mwanagenzi, msichana mchangamfu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Alinionyesha pampu ya maji uani. Akasema pampu ile imefunguliwa mara nyingi kuliko mlango wa nyumba, maana baba yake kila jioni huitoa nati zote, huzisafisha, huzirudisha, na haijawahi kuharibika hata siku moja. Mzee akajifanya hasikii.

Baadaye, binti alipokwenda kuandaa chai, mzee aliniambia jambo lililokuwa linamkaa rohoni. Ndege mpya kubwa ilikuwa inazinduliwa siku mbili baadaye, na Mwantumu ndiye atakayeirusha, ikiwa safari yake ya mwisho kabla ya kuvikwa. Mimi na Waziri tungekuwa abiria. Ndege hiyo imefungwa injini na wanagenzi wapya kabisa, akina Shomvi. Hakuna mmoja wao aliyewahi kudondokewa na nati.

Nikamuuliza kwa nini asiikague mwenyewe. Akanieleza sheria, na aliieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya msalani. Anayevua glavu mbele ya ndege anapoteza heshima yake, hilo dogo. Lakini heshima ya wote aliowavika inatoka kwake. Akizivua, na wao wote wamevuliwa. Karibu nchi nzima. Watu waliosubiri siku ile maisha yao yote, waliooa kwa glavu hizo, waliozika wazazi wao wakiwa wamezivaa. "Nitawavua watoto wa watu," alisema. "Kwa sababu ya mtoto wangu mmoja." Na ni Mwantumu mwenyewe aliyeleta chai, kwa hiyo tukazungumza habari za mvua.

Siku ya uzinduzi palikuwa na matarumbeta, mazulia na umati wa glavu usiohesabika. Ndege ilikuwa nzuri, sina la kuficha. Nilisimama karibu na bawa pamoja na Mzee Makungu tukimngoja Waziri amalize hotuba, na nikaliona doa chini ya injini ya kushoto. Lilikuwa doa dogo la oili kwenye saruji. Nikatazama pembeni kwa adabu. Nilipotazama tena lilikuwa limekuwa kubwa. Tone likaanguka, halafu jingine.

Mzee alikuwa ameliona kabla yangu. Akamwita Shomvi, aliyekuwa zamu, akamwelekeza kwa kifimbo: hapo juu, kiungo cha bomba la oili, kaza. Shomvi akapanda kwa heshima zote, akakunja uso kama alivyopigiwa makofi, akazungusha. Matone yakawa mkondo. Mzee akasema upande mwingine, mwanangu. Shomvi akatazama kulia, akatazama kushoto, akasogea upande mwingine wa injini na kuzungusha vile vile. Maskini wa Mungu, hakuwa mvivu. Mzee akajaribu kumwonyesha kwa mkono, na kwa kuwa alikuwa anamkabili, Shomvi akageuza kama alivyoona.

Nilimwambia mzee aizuie safari. Hakuweza. Huko Barangwe anayeweza kutangaza kwamba ndege ni mbovu ni aliyeigusa tu, kwa sababu ndiye mwenye ushahidi, na Shomvi alikuwa ameshatangaza kwamba ni nzima. Basi nikamwambia amwambie binti yake. Hakukuwa na haja. Mwantumu alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi, anatazama doa lile lile.

"Nikikataa, atapewa aliyeanza juzi," alisema. "Itaruka tu, baba."

"Najua."

"Hata kuinyanyua vizuri hajui. Mimi naweza kuirudisha chini ikizima. Labda."

Mwantumu akamgusa baba yake begani, akapanda ngazi. Hakuwa anacheka.

Waziri alikuwa amefika kwenye sehemu ya hotuba inayohusu nchi jirani. Mzee Makungu alinikabidhi kifimbo chake, na mimi nikakipokea kwa sababu sikujua la kufanya. Akaanza kuvua glavu ya kulia, polepole, kidole kimoja kimoja. Wa kwanza kuona alikuwa Bi Kidawa. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akaja mbio, akamshika mzee mkono. Alimwambia, mwalimu, mimi nimefanya nini? Mzee akamwangalia, na machozi yalimlenga, akasema hajafanya kitu, yeye ni mwongozaji bora aliyewahi kumfundisha, na akamwomba radhi. Kisha akaivua na ya kushoto.

Hotuba ilisimama. Matarumbeta yalisimama. Katika kimya hicho Mkufunzi Mkuu wa Barangwe alipanda kwenye ngazi ya mafundi, akamwambia Shomvi ampishe, akashika spana. Alizungusha kulia. Kisha hakuridhika, akaifungua kofia nzima ya injini, akaingia na kichwa, akawa anatoa mkono nje mara kwa mara kuomba kitu, na Shomvi, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akawa anampa. Nati alizozikaza zilikuwa nyingi. Alipotoka alikuwa mweusi mpaka kifuani. Doa lilikuwa limekoma kukua.

Waziri aliwaka hasira, lakini sheria ilikuwa wazi. Alitangaza pale pale kwamba wote waliovikwa na Makungu wavue. Ilichukua muda watu kuamini. Halafu glavu zikaanza kuanguka, moja hapa, nyingine kule, mpaka uwanja mzima ukawa mweupe. Watu waliificha mikono yao mifukoni na kwapani. Wengine walilia kwa sauti. Mwanamume mmoja alimtukana Mzee Makungu tusi zito la nguoni, na mzee akaitikia kwa kichwa tu, kama anayelistahili.

Waziri alitaka shughuli iendelee, kwa sababu mgeni alikuwepo, na mgeni ni mimi. Nikapanda. Nilikuwa nimeona nati zikikazwa kwa macho yangu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyopanda ndege ya Barangwe kwa hiari. Mwantumu aliinyanyua vizuri. Nyuma yake viti vya kifalme vilikuwa vitupu, maana wenyewe walikuwa wamevuliwa, na hakuna aliyekohoa. Tulipokuwa tunarudi, redio ya mnara ilichanganyikiwa. Mwanagenzi aliyekuwa zamu alituambia tushuke, kisha akaiambia na ndege nyingine ishuke, njia hiyo hiyo, wakati huo huo. Niliziona taa zake dirishani, nikashika kiti. Kukawa na mkwaruzo, halafu ikaja sauti nyingine, ya mwanamke, tulivu kabisa. Ilimwambia yule mwingine apande azunguke, ikamwambia Mwantumu aje taratibu, hana haraka, njia ni yake. Mwantumu alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Nami niliitambua sauti, ingawa nilizoea kuisikia ikinieleza habari za glavu.

Baraza lilikutana jioni bandani, kwa kuwa wajumbe wengi hawakutaka kupita mjini mikono mitupu. Adhabu ya Mzee Makungu ilijadiliwa kwa kirefu. Wapo waliotaka afungwe. Wapo waliotaka afukuzwe nchini, na mmoja wao alinitazama kana kwamba ningeweza kumchukua. Waziri alisema adhabu hizo zote ni ndogo. Ndipo akasimama Bi Rukuni, yule mjumbe mwembamba, uso umekauka kwa ukali.

"Arudishwe uanagenzi," alisema. "Wa maisha. Afie kwenye oili, na asivikwe tena kamwe. Na binti yake naye asivikwe, arushe ndege mpaka azeeke."

Banda zima lilishtuka. Hata waliomchukia waliona imezidi. Waziri mwenyewe alisita, akamuuliza Mzee Makungu kama ana la kujitetea. Mzee alifunika uso kwa mikono yake myeusi, mabega yakaanza kutikisika. Mwantumu akajitupa kifuani kwa baba yake, akalia vizuri kuliko yeye. Adhabu ikapita bila kupingwa. Waziri akaongeza kwamba wote waliovuliwa watavikwa upya, kila mmoja kwa zamu, lakini kwa kuwa sasa si wahitimu, itawalazimu wapitie bandani kama wanagenzi wengine. Akaagiza mafundi cherehani waanze usiku huo.

Nilibaki Barangwe siku chache zaidi, na niseme nilichokiona bila chumvi. Banda lilijaa. Watu waliokuwa wamesimama na vifimbo walikuwa sasa chini ya mabawa, wamenuna, wanalalamika, na mikono yao inajua kila kitu. Yule mwanamume wa tusi zito nilimkuta amelala chali chini ya gurudumu akimfokea Shomvi kwamba hivyo sivyo, lete hapa, tazama ninavyofanya, hapana, simama upande huu niliko mimi. Shomvi akasimama upande wake. Akageuza nati ya kwanza maishani mwake iliyokaza, akaishangaa. Ndege ziliondoka kwa wakati. Bi Kidawa sikumpata tena wa kunizungusha. Nilipopanda mnarani kumuaga, alinionyesha kwa mkono ningoje, kwa sababu alikuwa anaongea na mtu aliye angani. Macho yake yalikuwa bado mekundu. Niliposhuka alikuwa bado anaongea.

Mjini kila dirisha lilisikika likishona. Kwa hesabu yangu, mpaka mvua zinazofuata wote watakuwa wamevikwa tena na banda litakuwa la akina Shomvi wapya. Watabaki wawili tu, mzee na binti yake.

Mzee Makungu nilimkuta kwenye injini, peke yake. Nilimuuliza hali. Alitazama kwanza kushoto na kulia, kisha akanionyesha mikono yake, pande zote mbili. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile, na nimehudhuria harusi nyingi. Kisha uso wake ukabadilika. Akaniuliza nikifika kwetu nitaandika nini. Nikasema nitaandika nilichokiona.

"Usiandike ulichokiona," aliniambia. "Hapa wanasoma sana kinachoandikwa na wageni. Wakijua tunafurahi watatusamehe."

Akashika mkono wangu, akaupaka oili mpaka kwenye kifundo, wala hakuomba radhi.

Nilirudi, nikaandika taarifa fupi. Mkuu aliisoma mbele yangu. Alipendezwa na wingi wa wahitimu, akauliza glavu zile zinapatikana wapi, akaandika pembeni tuone uwezekano. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho, inayosema kwamba Mkufunzi Mkuu aliadhibiwa kurudi bandani maisha yake yote, naye alilia mbele ya watu, alivua miwani akaifuta.

"Maskini mzee wa watu," alisema. "Baada ya kazi yote ile."

Nikamwambia ndiyo, alilia sana.